Mguu na Mkono wa Mtu Mmoja

Habari ya kifo cha fundi Gaspari ilinifikia nikiwa ndani ya karakana ya chuo ninakofundisha. Kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyepiga marufuku simu humo, nilitoka nje na kusimama juani ili nisome ujumbe. Aliyeuandika ni Agnesi, binti yake mkubwa. Walikuwa wamekwisha kumzika; mama yake alinisalimu; nisisafiri kwa pupa, barabara ni mbovu. Nilirudi ndani nikamalizia somo, na sidhani kama wanafunzi waliona tofauti yoyote. Lakini tangu siku hiyo situlii. Nakaa kuandika rambirambi, na kila ninapofika sentensi ya pili najikuta nimeacha kumzungumzia marehemu, naeleza jinsi ubao unavyopaswa kufungwa kwenye jiliwa. Nimechana karatasi nyingi. Huenda hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kumlilia mtu yule, na kama ndivyo, ni afadhali niieleze mpaka mwisho.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza kwa mimi kushuka Ifakara na begi moja la nguo na boksi moja zito. Nilikuwa nimehitimu ufundi wa karakana, nina cheti kipya, na imani yangu ilikuwa kubwa kuliko cheti. Mradi mmoja mdogo, ambao haupo tena, ulikuwa ukigawa vifaa kwa mafundi na kumpeleka kijana mmoja akae navyo mwaka mzima ili visigeuke mapambo. Nilipangiwa karakana ya fundi Gaspari, iliyotengeneza milango, madawati na fremu za madirisha zenye wavu wa kuzuia mbu, kazi ambayo bondeni kule haikosi wateja. Ndani ya boksi kulikuwa na jiliwa la kubebeka: chuma chenye miguu mitatu ya kukunjwa, mataya mawili marefu juu, na kanyagio chini. Mtu huweka ubao kati ya mataya, hukanyaga, na taya la mbele husogea likaubana. Komeo la pembeni likiwa wazi, taya hutii mguu: ukikanyaga linabana, ukiondoa mguu linaachia. Komeo likifungwa, taya hubaki pale pale hata mtu akienda zake. Niliwaeleza haya siku ya kwanza, nikisisitiza kwamba miguu mitatu ifunguliwe hadi mwisho, isimame juu ya ardhi ngumu, na ubao mrefu uwekewe tegemeo upande wa pili usije ukaliangusha jiliwa lote. Fundi Gaspari, mtu mfupi wa mabega mapana na sauti ya chini, alilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema hilo ni mamba. Jina likashika. Wakawa wanaliita mamba wa mwalimu, ingawa wakati ule sikuwa mwalimu wa mtu.

Nilipewa chumba nyumbani kwake, nyuma ya karakana. Kilikuwa ndicho chumba kikavu kuliko vyote, na kwa sababu hiyo mbao za mitiki zilipangwa chini ya kitanda changu zikauke taratibu. Nililala juu ya harufu ya mbao hizo, chungu kidogo, kama ngozi mpya ya kiatu. Dirisha langu halikuwa na wavu. Nilipouliza, fundi alijibu kwamba wavu ni wa wateja. Sikujua kukaa mle. Nilipanga na kupangua vitu vyangu. Nilichora mabango ya usalama ambayo hakuna aliyeyasoma, nikabuni kozi tatu ambazo hakuna aliyeziomba, na siku za Jumapili, baada ya misa, nilitembea hadi stendi bila safari yoyote, nikasoma majina kwenye vioo vya mabasi, Mahenge, Malinyi, Dar es Salaam, kana kwamba moja kati yao lingeniita. Nilidhani hali ile ni bidii. Sasa ninapowaona wanafunzi wangu hawawezi kusimama mahali pamoja wakati wa maelezo, naitambua vizuri zaidi, na bado sina jina lake.

Kilichonituliza kidogo ni chakula cha jioni. Mke wa fundi, ambaye wote tulimwita Mama Agnesi, alipika wali wa mpunga wa mwaka uleule, laini na wenye kunata, na kambale wa kukausha kwa moshi aliyeungwa kwa nyanya na bamia. Tulikula sebuleni, sahani kwenye kigoda, mlango wazi. Hapo ndipo nilipomfahamu Alois, mdogo wake Mama Agnesi, mtu wa miaka thelathini hivi aliyekuwa amehamia kwao kutoka Mofu. Kule Mofu watu wao ni wavuvi na wakulima, naye alikuwa na mikono ya mvuvi, mipana na yenye makovu ya nyuzi za nyavu. Yeye na fundi walitaniana bila kupumzika, kama mashemeji wafanyavyo.

"Shemeji, dada yangu alikukuta na nyundo moja," Alois alisema jioni moja. "Ya pili nilikuletea mimi."

"Na tangu uilete hujaigusa," fundi alimjibu, akimwongezea samaki.

Walicheka wote, na Mama Agnesi akacheka mwisho kabisa, kwa namna ya mtu anayefunga mlango. Nilicheka pia bila kuelewa. Ni kweli kwamba Alois hakuwa akigusa nyundo, wala msumeno, wala patasi. Kazi yake ilikuwa moja: kushika.

Lazima nieleze desturi ya karakana ile, maana sijaikuta pengine. Hakuna ubao uliokatwa na mtu mmoja. Hata kipande kidogo ambacho fundi angeweza kukikandamiza kwa goti, alisubiri mwenzake aje ashike. Mteja aliyefika kuulizia mlango wake alisalimia, "Shikamoo, fundi," akaitikiwa, na kabla hajauliza lolote aliweka kiganja chake juu ya ubao uliokuwa ukikatwa. Kutoshika kulikuwa kama kukataa maji uliyokaribishwa. Niliwahi kumwona katekista akiwa na kanzu yake nyeupe, ameinama, ameshika mguu wa dawati, huku wakizungumza habari za mvua. Na mkuu wa washikaji wote alikuwa Alois. Alijua ubao utakapotetemeka kabla haujatetemeka. Fundi alikata bila kumtazama.

Kwa hiyo jiliwa lilipoingia, lilishikiwa pia. Fundi alikanyaga, na Alois, ambaye hakuwa na haja tena ya kuushika ubao, aliushika vilevile, vidole vyake vikiwa unene wa wembe kutoka kwenye mataya. Na mgeni aliyetokea akaongeza kiganja chake. Niliwaeleza kwamba chuma ndicho kinachoshika sasa. Waliitikia kwa adabu na wakaendelea. Walikosea kwa namna ambayo wao tu wangeweza kukosea, kwa wema, na sikuweza kuwakemea watu kwa wema wao. Kisha asubuhi moja fundi alikanyaga, Alois akapepesuka kama mtu aliyesinzia, na taya likamkamata ukucha wa kidole cha shahada. Ukucha ulikuwa mweusi kabla ya chai. Wakasema usingizi. Fundi aliirudia sababu hiyo mara nyingi mno, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Nilifanya kile ambacho elimu yangu ilinielekeza, na hata leo ningefanya hivyo. Nilitangaza kwamba mtu mmoja tu atagusa jiliwa kwa wakati mmoja. Mguu unaokanyaga na mkono unaoweka ubao viwe vya mtu mmoja, maana mtu hawezi kubana vidole vyake kwa kutojua viko wapi. Wengine wote wasimame mbali. Kanuni ilikuwa sahihi, na ilimwondolea Alois kazi yake yote. Kuanzia siku hiyo alikuja asubuhi, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, kisha akaketi juu ya rundo la maranda na kutazama barabara. Mezani utani ulikauka. Fundi alikata mbao peke yake, akikanyaga kwa hasira, na mara mbili nilimwona akisimamisha msumeno, akageuka upande ambao Alois alikuwa akisimama zamani, kisha akaendelea. Hakuna aliyenilaumu, na ningependa wangenilaumu. Nilianza kuhesabu miezi iliyobaki.

Ukweli niliusikia kutoka jikoni, nikiwa upande wa pili wa ukuta, nikianika nguo zangu. Mama yao Alois na Mama Agnesi alikuwa amekuja kutoka Mofu na gunia la mchele na samaki, na alikuwa akizungumza na binti yake huku wakipeta. Walichanganya Kindamba na Kiswahili. Vipande vya Kiswahili vilikuwa vile vya uchungu, labda kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vikinihusu mimi.

"Nilimtoa mtoni asiangukie maji," bibi alisema. "Nikasema aende kwa shemeji yake, kule kuna mbao tu, akianguka ataanguka juu ya maranda. Sasa mmemletea mamba mpaka mlangoni."

Mama Agnesi alijibu kwamba dawa anameza, kwamba kule kliniki wameongeza kidogo, kwamba tangu mavuno ameanguka mara chache. Bibi akauliza kama yule binti wa mashine anajua. Mama Agnesi akasema hapana, na wateja pia hawajui, na Mungu asaidie wasijue, maana kuna watu wasiokubali hata kunywa kikombe kimoja na mtu mwenye kifafa. Hilo neno lilitamkwa kwa sauti ya chini kuliko mengine yote. Nilisimama na shuka mbichi mikononi. Nilielewa usingizi ule wa asubuhi, na nyundo isiyoguswa, na kwa nini fundi, mtu aliyeweza kumpa shemeji yake chakula bila kazi yoyote, alikuwa amemtafutia kazi pekee ambayo mtu anaweza kuiacha ghafla bila kujikata.

Nilitembea siku nzima. Nilikwenda hadi yalipoishia maduka, nikarudi, nikaenda tena, nikitafuta kichwani mwangu namna ya kulitatua jambo hili kama tatizo la chuma, kwa sababu chuma nilikijua. Na chuma kilikuwa na jibu. Fundi anapokanyaga na Alois akashika, Alois akianguka mkono wake unaweza kuvutwa kuelekea mataya, na mguu wa fundi hautajua lolote, utaendelea kubana. Lakini Alois mwenyewe akiwa ndiye anayekanyaga, komeo likiwa wazi, kuanguka kwake ndiko kutakakoondoa mguu, na taya litamwachia papo hapo. Ubao ukishabana sawasawa, afunge komeo, atamke kwamba umeshika, arudi nyuma mbali na msumeno, na hapo tu fundi aanze kukata. Kwa maneno mengine, kati ya watu wote wa karakana, yeye ndiye aliyefaa kuliendesha jiliwa. Lakini nisingeweza kulieleza hilo bila kulitaja lile ambalo nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kutolitaja.

Nilimfuata Alois kesho yake mchana, akiwa juu ya maranda yake. Niliketi karibu naye, nikamwambia kwamba najua anaanguka, na kwamba ninataka kumwonyesha kitu. Hakunitazama.

"Umesikia jikoni," alisema.

"Nimesikia jikoni, kaka."

"Basi wewe dada Editha utamaliza mwaka wako, utapanda basi, utakwenda kusimulia huko kwenu. Mimi nitabaki hapa na wateja."

Niliyapokea maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa ya kweli, kisha nikamweleza habari ya mguu na komeo tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza au hakusikiliza, sikuweza kujua. Hakunisemesha tena kwa muda mrefu. Mezani alinipitishia chumvi kwa mkono wa dada yake. Nimejiuliza mara nyingi, na swali hili limerudi kwa nguvu tangu nilipopata habari za msiba, kama mtu ana haki ya kuilinda mikono ya mwenzake kwa kuifunua siri yake, hata mbele ya mwenye siri peke yake. Wakati ule nilikuwa na jibu la haraka. Sasa nina swali tu, na huwa nalitoa kwa wanafunzi wangu, nao hunijibu haraka.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunukia pale Alois alipoinuka asubuhi moja, akaenda kwa jiliwa, akalifungua komeo kwa kidole, akasema, "Nionyeshe." Nilimwonyesha. Alijifunza kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao: kuweka ubao kwa viganja bapa, vidole nje ya mstari wa mataya; kukanyaga kidogo kwanza, kuutikisa ubao, kisha kukanyaga kwa uzito; kutofunga komeo mpaka mikono yote miwili iwe imetoka. Fundi alituangalia akiwa mlangoni. Nilimwambia kwamba sasa lazima na yeye ajue la kufanya Alois akianguka: aweke msumeno mbali, amlaze ubavu, asimtie kitu chochote mdomoni, asiogope povu, na asubiri. Fundi aliketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti.

"Katika karakana hii ugonjwa hautajwi," alisema. "Ukitajwa kazini, utaijua njia ya kuja."

"Unaijua tayari, shemeji," Alois alimwambia. "Tulikuja nao kutoka Mofu."

Fundi akaniomba niyarudie yale ya kumlaza ubavu, nami nikayarudia.

Kazi iliyotupeleka Namawala ilikuwa ya madirisha. Bibi Zaituni, mkulima wa mpunga aliyekuwa amemaliza kujenga nyumba ya matofali, alitaka fremu za wavu pande zote, na kwa kuwa kuta zake hazikuwa na vipimo vinavyolingana, ilibidi tukatie palepale. Tulilibeba jiliwa kwenye bajaji, limekunjwa, mataya yamefungwa. Uwanja ulikuwa udongo mweusi uliolowa, ule unaomeza kisigino, kwa hiyo nilitandika vipande vya mbao chini ya kila mguu na kulitikisa mpaka nikaridhika. Majirani walikusanyika. Mzee mmoja aliyejua desturi za mafundi alisogea na kiganja tayari, na Alois akamzuia kwa upole, akamwambia kwamba hapa anashika mmoja. Sijapata kuisikia sauti yake ikiwa vile. Alikuwa amesimama wima, shati limefungwa vifungo vyote, na kila alipofunga komeo na kurudi nyuma alitamka "umeshika" kama karani anayeita majina, na fundi, ambaye alikuwa amerudia kukata bila kutazama, aliushusha msumeno.

Tulikuwa tumemaliza madirisha ya mbele. Alois aliweka ubao wa dirisha la chumbani, akakanyaga, taya likasogea, na kabla hajautikisa alitoa sauti ambayo sijaisahau, kama ya mtu aliyeitwa kwa nyuma. Akaenda chini. Mguu ulitoka kwenye kanyagio, taya likarudi, ubao ukaanguka upande mmoja na yeye upande mwingine, na mikono yake yote miwili ikatua topeni, mitupu, mizima. Watu walirudi nyuma. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kwa kanga.

Fundi Gaspari alikwenda kuuweka msumeno kwenye kizingiti, mbali. Alirudi, akapiga magoti, akamgeuza shemeji yake ubavu na kumwekea kofia yake chini ya kichwa. Kisha akainua uso, akawatazama wale watu wa Namawala, ambao baadhi yao walikuwa wateja wake na wengine angetaka wawe.

"Ni kifafa," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Hakiambukizi. Mpeni hewa."

Baadhi waliondoka, na nadhani hawakurudi kwake kwa kazi yoyote baadaye. Mwili wa Alois ulitikisika, kisha ukapungua, kisha ukawa wa mtu anayelala. Bibi Zaituni alikuwa amesimama barazani mikono imefumbatwa. Aliuliza, bila ubaya, kama huyo ndugu ataendelea na kazi nyumbani kwake au ataletwa mwingine.

"Hakuna mwingine, mama," fundi alimjibu. "Huyu ndiye anayeshika."

Alipofumbua macho, Alois hakutuuliza alikuwa wapi. Aliitazama mikono yake kwanza, akaikunja na kuikunjua, kisha akautafuta ubao.

"Umepasuka?"

"Mwishoni kidogo," fundi alimwambia. "Utatosha dirisha la jikoni. Pumzika, shemeji."

Upande wa milima ya Udzungwa mvua ilikuwa imekwisha kushika giza, na upepo wake ulianza kufika uwanjani. Vifaa vilikuwa nje, mbao zilikuwa nje, madirisha ya nyuma yalikuwa bado. Niliinuka, nikaketi, nikainuka tena, nikitazama mawingu na kuhesabu muda tuliobakiza. Fundi Gaspari alijishusha chini, akaketi kwenye tope kando ya shemeji yake, na hakutazama juu hata mara moja.